Subira ya Mtafuta Kazi



  

Kila mwaka wapo vijana wetu wanaomaliza kidato cha nne, cha sita, au chuo, na kuingia katika kundi kubwa la wanaotafuta kazi. Mwaka wa kwanza kijana hutembea na bahasha yake ya kaki akiwa na matumaini. Mwaka wa pili huanza kukwepa njia ambayo atakutana na majirani wa kumuuliza, "Vipi, bado tu?" Mwaka wa tatu wapo ambao hata msikitini hawaonekani tena, si kwa uasi, bali kwa kuona haya. Tunaandika makala hii kwa ajili yao, na kwa ajili ya wadogo zao ambao zamu yao inakuja.

HESABU YA UWANJA WA TAIFA

Tuanze na jambo lililotokea hapa hapa kwetu. Mwezi Juni mwaka 2014, katika uwanja mkubwa wa Taifa, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Benjamin Mkapa, walikusanyika vijana zaidi ya 10,000. Haikuwa mechi ya Simba na Yanga. Walikuja kufanya usaili wa kazi za Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilizokuwa zikigombewa zilikuwa 70.

Chukua kalamu ugawanye. 10,000 kwa 70 ni kama 143. Maana yake ni kwamba katika kila vijana 143 waliokaa kwenye viti vile, mmoja angepata na 142 wangerudi nyumbani. Hata kama wote wangekuwa wamesoma vizuri, wamevaa vizuri na kujibu vizuri, bado 142 wangerudi. Je, hao wote walikuwa wajinga? Wote walikuwa wavivu? Wote wana mikosi au wamerogwa? La hasha. Viti vilikuwa 70.

Tunalisema hili mapema kwa sababu kinachomvunja moyo mtafuta kazi ni ile tafsiri anayoipa, au anayopewa na watu, pindi anapokosa. Akikosa mara tano anaamini kuwa yeye hafai. Akikosa mara kumi nyumba nzima inaanza kuulizana nani kamfunga. Kumbe mara nyingi ni hesabu tu ya gawanya.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, nao unafurahisha. Tuseme kuna kazi ambazo wewe una nafasi moja kati ya 20 kuzipata. Ukiomba mara moja, uwezekano wako ni mdogo, 5 katika mia. Ukiomba kazi 10 za namna hiyo, uwezekano wa kupata angalau moja unafika kama 40 katika mia. Ukiomba 20 ni 64, na ukiomba 40 unafika 87. Sasa tuseme umerekebisha makaratasi yako na kuchagua vizuri pa kuomba, ukawa na nafasi moja kati ya 10. Hapo maombi 20 peke yake yanakufikisha kwenye 88. Yaani umepata kwa nusu ya jasho.

Angalia kuwa hesabu hii ina sharti. Anayetuma barua ile ile yenye makosa yale yale mara 40 hajaomba mara 40. Ameomba mara moja na kuitoa fotokopi. Pia hesabu hii haimpi mtu dhamana, kwani riziki iko mikononi mwa Mwenye kuruzuku. Inachoonyesha ni kwamba mtu ana mambo mawili ya kufanya: kuendelea, na kuboresha huku akiendelea.

NABII MUSA (A.S.) ALIPOFIKA MADYAN

Katika Sura Al-Qasas, kuanzia aya ya 22, kuna kisa ambacho watoto wetu wanakihifadhi bila kutambua kuwa ndani yake mna mtu asiye na kazi. Nabii Musa (A.S.) amekimbia Misri. Amefika Madyan hana nyumba, hana jamaa, hana chakula. Pale kisimani akakuta watu wananywesha wanyama wao, na kando wanawake wawili wamewazuia mifugo wao wakisubiri, kwa kuwa baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea. Kisha akarudi kivulini na kumlalamikia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote itakayomshukia.

Hebu tuutazame mpangilio huo. Hakuanza kwa kukaa kivulini. Alianza kwa kufanya kazi iliyokuwa mbele yake, tena bila malipo, kwa watu asiowajua, kisha ndipo akaomba dua. Haukupita muda, mmoja wa wale wanawake akaja kwa haya kumwita. Na kule nyumbani yule binti alipomshauri baba yake amwajiri, alitaja sifa mbili: kwamba ana nguvu na ni mwaminifu. Binti yule hakuviona vyeti. Alizijuaje sifa hizo? Alikuwa amezishuhudia kisimani. Baadaye ukafungwa mkataba wa miaka minane, na kama angetaka kukamilisha kumi ingekuwa hiari yake. (Wengi husema mzee yule ni Nabii Shuaibu (A.S.), lakini Qur'an haikumtaja jina, na wanavyuoni wamekhitalifiana.)

Hapa Keko kisima tunacho. Mtu wa Masaki au Mbezi akitaka kitanda, kabati au makochi huja huku kwetu, kwa sababu karakana za samani zimejipanga barabarani, na randa zinalia kutwa nzima. Fundi seremala hatangazi nafasi gazetini. Anapopata oda ya vitanda kumi vya hosteli, anatazama ni nani anayemfahamu: yule kijana aliyekuwa akija asubuhi kupiga msasa, asiyegusa simu ya mteja iliyosahaulika juu ya meza, anayerudisha chenji alipotumwa misumari. Huyo ndiye anayeitwa kuwa saidia fundi, na kesho deiwaka wa kudumu. Kijana aliyejifungia chumbani akisubiri simu kutoka Posta fundi hamjui, hata kama wanaishi mtaa mmoja.

Msomi anaweza kusema, "Mimi nina stashahada ya uhasibu, nikapige msasa?" Hatusemi uitupe stashahada. Lakini yule fundi hana anayemwandikia mahesabu yake. Hajui kwa mwezi ametumia kiasi gani cha mbao na vanishi, wala nani anamdai. Mwandikie kwa miezi mitatu. Tayari unayo kazi ya kuitaja kwenye wasifu wako, na unaye mtu atakayekudhamini kwa jambo alilolishuhudia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Chuo cha VETA Chang'ombe ni jirani zetu, na VETA wana utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi. Fundi aliyejifunza kazi mtaani, bila kukaa darasani, anapimwa ujuzi wake, anapewa mafunzo ya kuziba mapengo, na akifaulu anapata cheti kinachotambulika. Seremala, fundi uashi, fundi magari, mpishi, wote wamo. Kwa hiyo miaka miwili ya kupiga randa haipotei bure, kama mtu atakumbuka kwenda kuulizia.

Na kwa wale wanaoona bora waanzishe chao: halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kwa mujibu wa sheria ilivyorekebishwa mwaka 2018 mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa Muislamu anayeikimbia riba, huu ni mlango wa kuuulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

JINA LAKO NI NANI?

Sasa tuje kwenye makaratasi, ambapo vijana wengi wa Kiislamu huanguka kabla hata hawajafika kwenye usaili.

Kijana ameitwa na wazazi wake Rajab. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Rajabu. Shule ya msingi mwalimu aliandika Rajab Mohamed, sekondari ikawa Rajabu Muhammad, na NIDA wakaandika Rajabu Mohamedi. Vivyo hivyo kwa Fatma na Fatuma, Khadija na Hadija, Khalfan na Halfani. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Ofisi haijui. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo ndiyo inayoendesha usaili wa kazi nyingi za serikali, huwataka wasailiwa ambao majina yao yanatofautiana kwenye nyaraka waje na hati ya kiapo iliyosajiliwa kuthibitisha kuwa ni mtu yule yule. Asiye nayo hurudishwa mlangoni, baada ya kulipa nauli, pengine ya kwenda Dodoma.

Hivyo basi, wewe mwanafunzi ambaye bado uko darasa la saba au kidato cha nne, siku mwalimu anapopitisha orodha ya majina ya kusajiliwa mtihani, usiseme tu "nipo". Soma herufi moja moja ulinganishe na cheti chako cha kuzaliwa. Ni rahisi kuirekebisha herufi moja leo kuliko kuihangaikia baada ya miaka kumi. Na wewe uliyekwisha maliza, zitandaze karatasi zako zote juu ya mkeka usiku huu na uzilinganishe. Zikitofautiana, mwone wakili mapema, usingoje tangazo la usaili litoke.

Mengine kuhusu makaratasi ni mafupi. Maombi ya kazi za serikali hupitia mfumo wa mtandao wa Sekretarieti hiyo, na kuomba hakulipiwi. Matokeo ya muda na karatasi za matokeo hazikubaliwi mahali pa cheti chenyewe, kwa hiyo kama cheti chako bado kiko shuleni au chuoni, kifuate. Nakala zigongwe muhuri wa wakili. Namba yako ya simu usiibadilishe ovyo, maana kazi iliyoombwa Muharram inaweza kuitwa Rajab na wewe laini umeshaitupa. Na wadhamini watatu unaowaandika, waarifu kwanza. Mwajiri akimpigia mtu na kumsikia akiuliza "Nani? Simkumbuki," mambo yamekwisha. Mwalimu wako wa madrasa aliyekujua miaka minane anaweza kuwa mmoja wao, kwani mwajiri anapouliza tabia, yeye anayo habari.

Jambo la kufurahisha ni kwamba wanaofaulu usaili wa serikali na kukosa nafasi, majina yao huhifadhiwa, na baadhi huja kuitwa pale nafasi inapojitokeza. Kwa hiyo usiache kutazama matangazo kwa kudhani kuwa mlango umefungwa.

KUJIELEZA SI KUJISIFU

Watoto waliolelewa vizuri wana shida moja kwenye usaili: wanaona haya kujitaja. Anaulizwa, "Tueleze uwezo wako," anainamisha kichwa na kusema, "Mimi nafanya kazi yoyote tu." Anadhani ni adabu. Anayemsaili anadhani hana analolijua.

Nabii Yusuf (A.S.), baada ya miaka ya gerezani kwa kosa asilolifanya, aliposimama mbele ya mfalme aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, na akaeleza kwa nini: yeye ni mtunzaji na ana ujuzi. Haya tunayasoma katika Sura Yusuf, aya ya 55. Wanavyuoni wameeleza kutokana na aya hiyo kwamba inajuzu mtu kutaja sifa yake ya kweli mahali panapohitajika. Tazama pia kwamba hakusema "kazi yoyote". Alijua nchi inakwenda kupata miaka saba ya neema na miaka saba ya njaa, akaomba ile kazi ambayo ujuzi wake ungeokoa watu.

Basi kabla ya usaili, jiandae na mambo matatu ya kweli uliyowahi kuyafanya, kila moja kwa sentensi tatu: palikuwa na tatizo gani, ulifanya nini, likaishia wapi. Uliwahi kutunza fedha za safari ya Maulidi za madrasa, na zikatimia hadi shilingi ya mwisho? Hilo ni jambo la kusema. Uliwahi kuwafundisha watoto 30 Juzuu Amma? Hilo nalo ni jambo la kusema. Jizoeze kwa sauti mbele ya ndugu yako. Mtaona aibu mara ya kwanza, mtacheka mara ya pili, na mara ya tatu maneno yatanyooka.

NJIA ZA MKATO

Subira inapokuwa ndefu, hapo ndipo shetani anapoleta njia za mkato, na sisi hatuna budi kuzitaja kwa majina.

Ya kwanza ni cheti cha kughushi. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Waliokutwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Wapo waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi, wana wake na watoto, wamejenga, na wote wakaondolewa. Anayekuuzia cheti leo hatakuwepo siku hiyo.

Ya pili ni rushwa. Hadithi zilizopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi zinatufahamisha kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wa rushwa. Na katika rushwa ipo moja ambayo familia zetu zinaifunika kwa aibu: bosi anayemtaka binti mwili wake ndipo ampe kazi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitambua kuwa ni kosa la jinai. Binti yangu, mwenye aibu hapo si wewe. Ondoka, mwambie mama au mtu unayemwamini, na TAKUKURU wanapatikana kwa kupiga 113 bila malipo. Na wewe mzazi, mwanao akikuletea habari hiyo, neno lako la kwanza lisiwe "Ulivaa nini?"

Ya tatu ni safari. Kila mtaa wa Temeke una nyumba ambayo binti yao yuko Muscat au Dubai. Wapo waliofika kwa watu wema wakajengea wazazi wao. Wapo pia waliopokonywa hati ya kusafiria siku ya kwanza, wakafanyishwa kazi bila siku ya mapumziko, na mshahara ukakatwa au wasilipwe. Shirika la Human Rights Watch lilikusanya habari zao katika ripoti ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani Watanzania waliopo Oman na Falme za Kiarabu. Kwamba nchi ni ya Waislamu hakumfanyi kila mwenye nyumba kuwa mcha Mungu. Anayetaka kwenda apitie ofisi ya serikali inayoshughulikia huduma za ajira, aulize kama dalali wake ana kibali, ausome mkataba kwa lugha anayoielewa, na nakala moja aiache nyumbani pamoja na anwani kamili ya anakokwenda. Dalali anayesema "ondoka kimya kimya, upite nchi jirani" ana sababu yake ya kutaka kimya.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Kutafuta kazi kuna gharama. Nauli ya kwenda na kurudi, fotokopi, muhuri wa wakili, vocha ya kuingia mtandaoni, shati la kunyoosha. Kijana asiye na shilingi anatakiwa azitoe wapi? Nyumba zinazofanikiwa katika jambo hili ni zile zilizokaa na kukubaliana: kila wiki tutakupa kiasi hiki, na wewe kila wiki utatuonyesha umeomba wapi na umekwenda wapi. Hapo ombaomba inaondoka, uvivu unaondoka, na masimango nayo yanapungua. Daftari moja la shilingi mia chache linatosha: tarehe, mahali, nani aliyepokea barua, majibu gani. Baada ya miezi sita daftari litasema lenyewe. Kama hujaitwa hata mara moja, tatizo liko kwenye barua au kwenye aina ya kazi unazoomba. Kama unaitwa kila mara na unakosa, tatizo liko kwenye kujieleza. Dawa ya moja haitibu nyingine.

Mpeni pia jambo la kufanya ambalo watu wanamtegemea. Madrasa yetu ina darasa la watoto wa alifu, na mwalimu mmoja hawatoshi. Kijana anayejua kwamba saa kumi alasiri watoto 40 wanamsubiri, anaoga, anavaa kanzu, anatoka. Kukaa bila kutegemewa na mtu yeyote ndiko kunakomla mtu ndani kwa ndani, kuliko hata njaa.

Na lile la "mwenzako fulani kapata", tuliache. Hatujui yule mwenzake aliomba mara ngapi. Siku kijana akirudi kutoka kwenye usaili, jua limempiga na viatu vina vumbi la Mandela Road, usimkimbilie na swali la "wamesemaje?" Mwache kwanza apate maji, aswali, ale.